Wembe wa kukunja wavuta ndevu badala ya kukata? Tafuta tatizo hivi

Juzi kijana mmoja jirani yangu hapa Majengo, Mombasa, kaniletea wembe wa babu yake, ule wa kukunja wa zamani, mgongo mnene na mpini mweusi. Amenoa siku tatu. Kinoo cha 1000 kapitisha, cha 4000 kapitisha, cha 8000 kapitisha (namba ikizidi, chembe za kinoo ni laini zaidi), ngozi, ule mkanda wa ng'ombe wa kupigia wembe, kapiga mpaka bega lamuuma, na bado akiuweka shavuni machozi yamtoka. Akaniuliza, "Ami, ninunue kinoo cha 12000?" Nikauchukua wembe nikauweka chini ya taa, makali yakiniangalia mimi moja kwa moja, nikaona upande wa nchani, kama sentimita mbili hivi za mwisho, kuna uzi mwembamba wa mwanga. Basi nshajua. Kinoo cha 12000 kisingemsaidia kitu manake tatizo lilikuwa kule kule kwenye 1000 alikopita mbio.

Hiyo ndo shida naiona kila mara, mtu wembe ukikataa kukata anaruka kwenda kwenye kinoo laini zaidi au anapiga ngozi mara mia, wakati kinoo laini na ngozi kazi yake ni kusafisha makali ambayo tayari yapo. Kama makali hayajazaliwa utasafisha nini? Kwa hiyo hapa ntaanza na dalili, vile wembe unavyokufanyia usoni au mkononi, afu turudi nyuma mpaka tuikute sababu.

Kwanza tuelewane jinsi wembe huu ulivyo. Ukiulaza kwenye kinoo, mgongo na makali vyote vigusane na jiwe kwa pamoja, usiunyanyue kama kisu cha jikoni. Mgongo ndo unaoshika pembe. Wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 unakupa pembe ya kama digrii 16 pande zote mbili kwa jumla, hujapima chochote, aliyeutengeneza kashakupimia. Ule mteremko mdogo unaong'aa pande mbili za makali ndo mahali kinoo kinapofanya kazi. Pande hizo mbili zikikutana kabisa, kutoka shina, yaani upande wa mpini, mpaka ncha, hapo una makali, na zikikosana hata kwa unene usioonekana kwa macho, huna. Kwenye kinoo makali yanatangulia kama vile unataka kukwangua jiwe. Kwenye ngozi mgongo ndo unatangulia, ukikosea hapo utakata ngozi na makali utayaua.

Haya sasa, wembe unavuta kila mahali, shavu zote mbili, tangu mkono wa kwanza. Hapa kabla hujalaumu wembe hebu niambie umeloweka ndevu? Ndevu kavu ni ngumu mno, maji ya vuguvugu dakika mbili tatu na povu zito vyazilainisha, na ukiushika wembe umesimama sana utakwangua badala ya kukata. Mgongo uwe karibu na ngozi, kama digrii 30 hivi, nafasi ya unene wa migongo miwili kati ya mgongo na shavu. Ukirekebisha hayo na bado unavuta, rudi 1000. Simaanishi 8000 wala ngozi. Chukua kalamu ya maka, paka wino mweusi kwenye ule mteremko pande zote mbili mpaka ukingoni kabisa, upitishe kwenye kinoo mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, afu tazama. Wino uliobaki ndo mahali kinoo hakifiki. Ukibaki ukingoni, wewe unasugua nyuma ya makali na makali yenyewe hujayagusa hata siku moja.

Kuna jambo moja laleta hali hiyo hiyo na wengi hawalijui, ni ile tepu ya umeme. Wanaonoa wengine hubandika tepu moja mgongoni ili mgongo usilike, sawa, ila tepu moja huongeza pembe kama digrii moja. Sasa kama aliyenoa mwanzo alibandika tepu na wewe umeitoa, jiwe litagusa nyuma ya mteremko, ukingo utabaki hewani, na utanoa mpaka Ramadhani ijayo bila kitu kubadilika. Vilevile ukianza na tepu kwenye 1000 ukaitoa kwenye 8000. Chagua moja, anza nayo na umalize nayo, na ikichakaa badilisha mpya.

Utajuaje 1000 imetosha? Hapa ndo pa kukaa, usiondoke mpaka uridhike. Taa nshaitaja, makali kamili hayana bapa la kurudisha mwanga, kwa hiyo ukiyatazama moja kwa moja huoni kitu, na kila unapoona kimetameta pale ni butu. Kipimo kingine ni ukucha: lowesha ukucha wa gumba, gusisha makali yajiburute yenyewe taratibu bila kukandamiza, kutoka shina mpaka ncha. Yakiteleza kama kwenye kioo hayajafika. Yakishika kidogo, sawasawa mwendo mzima, yamefika. Yakikwaruza mahali fulani kuna pengo. Kipimo hiki ni cha 1000 tu, ukishapanda juu acha manake ukucha nao unayaharibu makali laini. Cha tatu ni malaika ya mkono, wembe uliotoka 1000 ukiwa umefanywa vizuri unanyoa malaika ukiwa umegusa ngozi, kwa kila sehemu ya urefu wake. Nasema kila sehemu kwa sababu watu hujaribu katikati tu, na katikati huwa inakata hata kwa wembe mbovu.

Ndo twaja kwenye dalili ya pili, wembe wakata vizuri katikati na ncha au shina lagoma. Kijana wangu wa Majengo alikuwa hapa. Mara nyingi kosa ni la kinoo chenyewe, kimeliwa katikati kikawa na bonde kama kiti cha zamani. Chora mistari ya penseli juu ya kinoo kizima, miraba miraba, afu chukua kipande cha kioo kinene, tandika msasa wa maji namba 220 au 400, mwagia maji usugue kinoo juu yake. Penseli ikifutika pembeni ikabaki katikati ushaona bonde lako. Endelea mpaka yote ifutike, chora tena, sugua tena. Vinoo vya pande mbili vinavyouzwa hardware ni vya panga na visu, vina chembe kubwa na vingi havijanyooka hata vikiwa vipya, usimpeleke wembe huko kabisa.

Kama kinoo kimenyooka na bado, angalia wembe. Uweke umelala kwenye kioo. Makali mengine yamepinda kama tabasamu, katikati yametoka nje, hayo yanataka mkono unaozunguka kidogo, uanze na shina, uvute kwa mshazari, na ukifika mwisho uzito uwe umehamia nchani. Mwingine umejipinda kama ubao uliolowa, upande mmoja unagusa katikati tu na upande wa pili unagusa ncha na shina, huu kinoo kipana chaushinda, tafuta kinoo chembamba cha sentimita nne au ugeuze kile chako utumie ubavu wake kama ni laini na umenyooka. Mbaya kabisa ni ule ulionuna, makali yamebonyea kuingia ndani, huo hautanyoa vizuri mpaka ule ubonyeo uishe na hiyo ni kazi ya kula chuma, usiifanye kama ndo wembe wako wa kwanza.

Wembe umetoka 8000 ukiwa unakata malaika hewani, umepiga ngozi, sasa haukati. Hii inaumiza roho manake umeharibu kwa dakika moja kazi ya saa zima. Umenyanyua mgongo mwisho wa kila mpigo wakati wa kugeuza, au ngozi ililegea ikajikunja kuzunguka makali ukayakunja kama ukingo wa karatasi. Dawa yake ni ndogo, rudi 8000 mipigo kumi mpaka ishirini bila kukandamiza, afu ngozi uivute iwe kama kamba ya tanga, mgongo usiachane nayo hata sekunde, geuza kwa kuubingirisha juu ya mgongo, makali ndo yainuke. Anza na kitambaa kigumu, turubai au kitani, mipigo 20, kisha ngozi 50 au 60. Usifuate kasi ya vinyozi unaowaona wakipiga pa pa pa, kasi yaja yenyewe. Ngozi si lazima uagize, fundi viatu au fundi mikoba atakukatia kipande cha ng'ombe kilicholainika cha sentimita saba kwa hamsini, ila kipitishe kiganja kwanza usikie kama kina uvimbe au mchanga. Mchanga huku kwetu waingia kila mahali, chembe moja tu ndani ya ngozi yatosha kung'oa vipande.

Dalili nyingine yachanganya watu: mara ya kwanza umenyoa ukasema mashallah, mara ya tatu wembe umekufa. Sababu huwa ni ule unywele wa chuma. Ukikandamiza sana kwenye kinoo, au ukinoa upande mmoja mipigo mingi bila kugeuza, chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba kupita kiasi na kujikunja upande wa pili, kinaning'inia tu. Kinakata vizuri ajabu ila hakina nguvu, ndevu mbili tatu za kidevuni zinakivunja. Ukitembeza pamba kavu kutoka mgongoni kuelekea makali, upande mmoja utaona inanasa. Hapa ni kuua hayo makali kwa makusudi, pitisha ukingo mara moja taratibu sana juu ya kitako cha glasi, afu ujenge upya kwa mikono myepesi ukigeuza kila mpigo, upande huu mara moja, upande ule mara moja. Mikono myepesi maana yake uzito wa wembe wenyewe na kidole kimoja tu cha kuuongoza. Nawaambia vijana, kama rangi ya kucha yako imekuwa nyeupe kwa kubana ushakandamiza.

Vipi kama unakata lakini unachoma? Uso mwekundu, shavu lawaka kama umepaka ndimu, na ndevu zimeisha vizuri kabisa. Hapo makali yapo, ila yana meno. Umetoka 1000 au 4000 ukapanda kabla hujafuta mikwaruzo ya kinoo cha nyuma, au umebeba chembe za kinoo kikubwa kwenda kwenye kinoo laini kwa kutoosha wembe na mikono na hata kile kitambaa. Ukiwa na lenzi ile ya mafundi saa utaona mikwaruzo mikubwa yakatiza mpaka ukingoni. Rudi kinoo kimoja nyuma, mipigo zaidi, osha kila kitu, kisha panda. Ukitaka kulainisha mwisho, dawa ya kijani ya kromiamu oksaidi, chembe zake ni nusu ya maikroni, paka kidogo sana kwenye kipande kingine cha ngozi usikipake kwenye ile ya kila siku, mipigo kumi yatosha. Ukizidisha makali yanaviringika na utakuwa umerudi mwanzo.

Na usichanganye kuchoma na vipele. Sisi wenye ndevu za kujikunja, ukinyoa kinyume na zinakoelekea ndevu hukatwa chini sana, zikiota hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndo vile vipele vya shingoni. Wembe mkali kuliko wote duniani hauviondoi, kufuata zinakoelekea ndo kunasaidia. Nimeona watu wanapoteza wembe mzuri kwenye kinoo wakitafuta dawa ya jambo ambalo halipo kwenye wembe.

Tukiwa hapo hapo kwenye nywele, kuna kile kipimo cha kuning'iniza unywele mmoja ukauangusha juu ya makali uone kama utakatika wenyewe. Nakipenda, ila usikifanye kadhi. Unywele mnene wakatika haraka kuliko mwembamba, na unywele una magamba yanayoelekea ncha, kwa hiyo ukiushika kwa ncha waweza kukatika na ukiushika kwa shina ukakataa, wembe ni ule ule. Na nywele zetu fupi zilizojikunja hazining'inii zikanyooka, huo mtihani kwao si wa haki. Mimi napima kwa malaika ya mkono bila kugusa ngozi, wembe upite juu kama nusu sentimita, zikianguka kimyakimya bila kuvutwa basi uende bafuni. Hukumu ya mwisho ni kidevu, chini ya mdomo pale ndevu zilipo ngumu. Ami yangu alikuwa kinyozi zamani, yeye alikuwa anasikiliza. Wembe uliopata makali ukipita shavuni watoa sauti ya mchanga mkavu ukimiminwa, sauti ndogo iliyo sawa. Sauti ikianza kukatika katika, krr, krr, ujue wembe unaruka. Nilidhani ni mambo ya wazee mpaka nilipoanza kunoa mwenyewe.

Vipengo vidogo ukingoni, kama kisumeno. Kama ni vya kuonekana kwa macho wembe ulianguka au uligonga bomba la maji, hapo lazima 1000 mpaka viishe. Kama vyaonekana kwa lenzi tu, yaweza kuwa 4000 yatosha. Vikirudi mahali pale pale kila ukinoa, angalia kutu. Kutu ikishaingia ndani ya chuma kama vitundu vyeusi, makali yakifika kwenye kitundu yanamomonyoka, huna la kufanya ila kula chuma mpaka uvipite, na vikiwa vingi huo wembe uwe pambo. Nyembe za zamani zenye muhuri wa Solingen ya Ujerumani au Sheffield ya Uingereza twazipata mara mojamoja kwenye vitu vya mitumba au kwenye masanduku ya wazee Mji wa Kale, chukua lenzi kabla hujatoa pesa, tazama sentimita nusu ya mwisho kuelekea makali, mgongoni kutu si neno.

Na tafadhali, tena kwa moyo wote, usiupeleke wembe kwenye mashine ya kunolea. Mimi nilimpa fundi mmoja wembe wangu wa kwanza, aliurudisha unang'aa na ukingo una rangi ya bluu. Bluu ile ni chuma kilichopata moto wa kama digrii 300, ugumu umetoka na haurudi kwa kunoa. Kila nikiunoa wakata siku moja tu.

Asiye na vinoo vya bei anaweza kuanza na msasa wa maji kwenye kioo, waupata maduka ya rangi za magari, namba 1000 na 2000. Kwenye msasa makali yasitangulie, vuta mgongo mbele kama kwenye ngozi la sivyo utakata karatasi. Ila namba ya msasa si namba ya kinoo, msasa wa 2000 bado una chembe za kama maikroni kumi, uko mbali sana na kinoo cha 8000, kwa hiyo ukinyoa moja kwa moja kutoka hapo usilaumu mtu.

Mwisho ni ile ya wembe uliouacha mkali usiku ukaamka umekufa hata hujautumia. Mombasa hii, chumvi ya bahari iko hewani, na maji ya kisima mengi yana chumvi, ukisuuza nayo ukafunga wembe ndani ya mpini makali yanaliwa kabla ya alfajiri, kutu ambayo hata huioni kwa macho. Suuza kwa maji matamu, futa kwa tishu kutoka mgongoni kuelekea makali, mipigo kumi ya kitambaa kikavu, uache wazi nusu saa, halafu tone la mafuta ya cherehani pande zote. Usiuweke bafuni, wala ndani ya mfuko wa ngozi. Na kama mpini wako ni ule wa zamani unaong'aa kama gamba la kobe na umeanza kunuka dawa kali, hiyo ni seluloidi inayooza, mvuke wake nao unakula chuma, toa wembe humo ubadilishe mpini. Wembe huo uwe wa uso wako peke yako, usimwazime hata ndugu, damu kidogo yatosha kupitisha Ukimwi au homa ya ini.

Kijana wa Majengo nimemrudishia wembe wake bila kumnolea. Nimemwambia aende na 1000 peke yake, apake wino, asiguse kinoo kingine mpaka ule uzi wa mwanga pale nchani upotee, afu alete tuutazame pamoja.